Diski 214 za Baba: Shajara ya Mradi wa Kuokoa Sauti

Tanga, 11 Januari 2025

Leo nimemaliza kuhesabu. Makasha manne ya kadibodi yaliyokuwa juu ya kabati la Mama yametoa diski 214, kati yake CD za kuandikia 151 na DVD za kuandikia 63. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa zaidi ya miaka ishirini alizunguka na kinasa sauti chake cha kaseti katika vijiji vya Pangani, Mkinga na Muheza, pamoja na mitaa ya Ngamiani hapa mjini, akiwarekodi wazee wakighani tenzi, wakisoma kasida na kusimulia ngano. Mwaka 2004 alizipeleka kaseti zake zote kwenye duka lililokuwa likihamishia sauti kwenye CD, na kwa kuwa aliambiwa kwamba CD haiharibiki, kaseti zenyewe akazigawa kwa watu warekodie mambo yao. Kwa hiyo diski hizi hazina asili nyingine nyuma yake, na kitakachopotea humu hakipatikani popote.

Jambo hili linaniuma kila nikikumbuka kwamba santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928 bado zinasikika, ilhali mimi nina mkononi diski za mwaka 2004 ambazo kompyuta inazizungusha dakika nzima kisha inazikataa kana kwamba ni tupu.

Sheria ya kwanza niliyojiwekea ni kwamba diski yoyote isiingie kwenye kiendeshi kabla haijakaguliwa kwa macho chini ya taa. Kiendeshi cha kompyuta kinachosoma CD kwa kasi ya 52x, yaani mara 52 ya kasi ya kuchezea muziki, huizungusha takriban mara 10,000 kwa dakika, na diski yenye ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu la katikati inaweza kupasuka vipande kwa mzunguko huo, ikapotea yenyewe na kukiharibu kiendeshi. Nimekwisha kupata tatu zenye ufa wa namna hiyo. Nimeziweka pembeni katika kasha lake, nami nitazirudia mwishoni.

Sheria ya pili inahusu mikono. Diski inashikwa kwa ukingo wake wa nje na kwa tundu la katikati basi, na inapotolewa kwenye kasha la plastiki hubonyezwa kwanza kitufe kinachoishikilia, haivutwi kwa nguvu mpaka ikapinda. Kwa DVD hili ni muhimu zaidi, maana DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa pamoja, na kila inapokunjwa gundi iliyo katikati hupata mkazo. Watoto wa dada yangu wamejifunza sheria hii haraka kuliko wakubwa.

19 Januari

Nimetumia wiki nzima kutazama tu na kuandika daftari. Mama ameniuliza, "Mwanangu, mbona huzisikilizi?" Nikamweleza kwamba kila mara diski dhaifu inapozungushwa bila mpango tunaweza kuwa tunaitumia nafasi yake ya mwisho, hivyo ni lazima kwanza nijue ninachokishika. Ameridhika, ingawa amenisihi nianze na zile zenye sauti ya bibi yangu.

Ninachokishika ni hiki. CD ya kuandikia ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Juu ya plastiki kuna tabaka jembamba sana la rangi ya kikaboni, juu ya rangi kuna tabaka la metali, yaani fedha au dhahabu, inayorudisha mwanga wa leza, kisha inakuja laka nyembamba, na juu kabisa ni maandishi ya biashara. CD ya muziki iliyotoka kiwandani huwa na vishimo vilivyogongwa kwa kalibu, lakini CD tunayoichoma nyumbani haina vishimo: leza huipasha rangi moto sehemu baada ya sehemu, na alama zinazobaki ndizo data. Rangi hiyo, kama rangi ya kanga iliyoanikwa juani, hufifia kwa mwanga na kwa joto. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya diski ya kununua muziki na diski tupu ya kuchomea, na sidhani kama kuna muuzaji aliyewahi kumweleza Baba.

Rangi zenyewe si za aina moja. Sayanini, iliyotumika tangu mwanzo wa CD za kuandikia mwishoni mwa miaka ya 1980, hutoa sura ya kijani au ya kijanibuluu, nayo ni nyepesi kuharibiwa na mwanga. Azo huonekana ya buluu iliyokolea. Fithalosayanini huwa karibu haina rangi, hivyo diski yake huonekana ya fedha au ya dhahabu tupu, na ndiyo inayosifika kwa kustahimili. Nimezipanga CD zote 151 kwa rangi ya upande wa chini kabla ya kuzipanga kwa yaliyomo, na daftari lina safu maalumu kwa jambo hilo.

Jina la biashara nimeliandika pia, lakini silitegemei. Kila CD ya kuandikia ina mfereji uliochorwa kiwandani wa kuiongoza leza, na ndani ya mfereji huo kuna taarifa inayotaja aliyetengeneza kalibu pamoja na urefu wa diski. Programu ndogo kwenye kompyuta huisoma taarifa hiyo kabla hata ya kugusa data. Katika rundo moja la diski zenye jina lilelile na picha ileile juu yake nimekuta taarifa za watengenezaji wanne tofauti. Mwenye jina hununua diski kwa kiwanda chochote kinachompa bei nzuri mwezi huo, na mteja anayerudi dukani kwa kuwa "zile za mwezi uliopita zilikuwa nzuri" anaweza kupewa kitu kingine kabisa ndani ya kava lilelile. Kati ya zote, diski kumi na moja zinaonyesha taarifa ya Taiyo Yuden, kampuni ya Japani iliyoshiriki kuzibuni CD za kuandikia na ambayo iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa mwaka 2015.

2 Februari

Vifaa vimekamilika: kompyuta moja ya mezani ya zamani, viendeshi vitatu vya kampuni tofauti, na diski ngumu mbili mpya za kuhifadhia. Viendeshi vitatu si anasa. Kila kimoja kina leza yake, lenzi yake na namna yake ya kufuata mfereji, na sehemu inayokishinda kimoja mara nyingi husomwa na kingine bila shida.

Kwa diski zenye mafaili natumia ddrescue, programu huria inayosoma kila inachokiweza kwanza, inaruka sehemu mbovu, kisha inazirudia moja moja, huku ikiweka ramani ya sekta, yaani vipande vidogo vya data, zilizopatikana na zilizobaki. Uzuri wake ni kwamba ninaweza kuisimamisha, kuihamishia diski kwenye kiendeshi kingine, na kuendelea na ramani ileile, hivyo nakala inajazwa kwa sekta kutoka viendeshi vyote vitatu. Kwa CD za sauti programu hiyo haifai, kwa sababu CD ya sauti haikupangwa kwa mafaili wala kwa sekta za aina hiyo, na hapo natumia cdparanoia, ambayo husoma kila kipande kwa kurudiarudia na kulinganisha. Kasi naishusha daima. Diski iliyokataa kwa 40x imesomeka leo kwa 4x kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wiki iliyopita Sony walitangaza kwamba mwezi huu wa Februari wanaacha kutengeneza diski za kuandikia za Blu-ray, kizazi kilichoifuata DVD. Ninaliandika hapa kwa sababu linagusa mradi: viendeshi navyo vinapungua madukani, na kompyuta mpya haziji navyo tena. Hata diski nzima kabisa haitakuwa na faida siku itakapokosa kifaa cha kuisoma, na kwa hiyo kazi hii haifai kuahirishwa.

16 Februari

CD arobaini na nane zimesomwa, na matokeo yameipindua dhana niliyoanza nayo. Nilidhani diski zilizochakaa kwa mikwaruzo ndizo zitakazonisumbua. Kumbe nyingi kati ya hizo, zilizokuwa zikichezwa kila Ijumaa na kutupwa juu ya redio bila kava, zimesomeka zote, na zilizonishinda ni baadhi ya zile safi, zinazong'aa, zilizokuwa ndani ya albamu ya mifuko ya plastiki kwenye rafu iliyo mkabala na dirisha la magharibi.

Sababu inaeleweka ukiikumbuka picha ya matabaka. Mkwaruzo wa upande wa chini uko kwenye plastiki, mbali na data kwa zaidi ya milimita moja, na leza inapopita pale haijakusanyika bado, hivyo mkwaruzo mdogo ni kama uchafu kwenye kioo cha dirisha kwa mtu anayetazama mbali. Tena data haikupangwa mfululizo. Imetawanywa na kuongezewa herufi za kusahihishia makosa kiasi kwamba pengo la takriban milimita 2.5 juu ya njia linaweza kujazwa lote bila kupotea hata biti moja. Upande wa juu hauna kinga hiyo. Chini ya maandishi ya CD kuna laka tu, kisha metali yenyewe. Kalamu ya bolipeni iliyobonyezwa juu, ukucha, au chembe ya mchanga chini ya kidole huifikia metali moja kwa moja, na metali ikitoka hakuna leza itakayorudishwa. Watu wote, Baba akiwa mmojawapo, walikuwa wakiulaza upande unaong'aa juu ili usikwaruzike na upande wa maandishi ndio ukasugua meza.

Zile za dirishani hazikuwa na mkwaruzo wowote. Zote ni za rangi ya kijani, na kwa miaka mingi jua la alasiri limekuwa likiingia chumbani na kuipausha rangi ile taratibu.

Nimeacha jambo moja chungu la leo. Diski namba 31 ilikuwa na stika ya karatasi iliyobanduka ukingoni, nami nikaivuta kidogo ili nisome kilichoandikwa chini yake. Laka na metali vimefuata karatasi, na pameachwa dirisha wazi la ukubwa wa ukucha ambalo mwanga unapita. Sehemu iliyobaki imesomeka, lakini dakika karibu sita za utenzi zimeondoka kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu sasa stika haiguswi. Ikiwa inayumbisha diski, kasi ishushwe.

1 Machi

CD za mafaili zimekwisha. Mwezi wa Ramadhani unaingia, nami nitapumzisha kazi hadi baada ya Idd.

12 Aprili

Masika yameanza, na makasha niliyoyaacha chini sebuleni yamepata harufu ya ukungu. Nimeyahamishia kwenye masanduku ya plastiki yenye mfuniko unaobana, kila moja na vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na diski zote zimesimamishwa wima ndani ya kava zake badala ya kulazwa zikilemeana.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, unapendekeza diski zitunzwe katika joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Nyumba ya kawaida ya pwani haiwezi kulifikia hilo, na sioni faida ya kujilaumu kwa hali ya hewa tuliyozaliwa nayo. Tunachoweza ni kupunguza mabadiliko ya ghafla. Nimekataa ushauri wa kuziweka kwenye ofisi ya jirani yenye kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni, kwa sababu diski iliyopoa ikitolewa kwenye hewa ya Aprili huota umande papo hapo. Ikilazimu kuihamisha, ibaki ndani ya kasha lililofungwa mpaka ipate joto la chumba.

Kuvu si hofu ya bure. Mwaka 2001 watafiti wa Madrid walieleza CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama kwetu, ambayo ndani yake kuvu wa jenasi ya Geotrichum alikuwa amepenya kutoka ukingoni na kuila plastiki pamoja na metali. Kwangu nimeona madoa kwenye diski tano, yote ya juujuu, na yameondoka kwa maji safi.

Namna ya kusafisha ninaiandika kwa urefu kwa kuwa ndugu wengi wameniuliza. Kwanza vumbi lipeperushwe, lisifutwe likiwa kavu. Kisha chukua kitambaa laini cha pamba kilicholowa maji yaliyochujwa, ufute kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda nje hukata kila mzunguko wa njia mahali padogo tu, na masahihisho hulijaza pengo hilo. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta kipande kirefu cha data iliyofuatana, na hapo masahihisho yanashindwa. Alama za vidole na mafuta zisipotoka kwa maji, kidogo cha pombe ya isopropili kinatosha. Petroli, tina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha ziwe mbali kabisa. Kuhusu dawa ya meno, ambayo karibu kila fundi wa mtaani ameipendekeza, ukweli ni kwamba inasugua plastiki ya chini na inaweza kulainisha mkwaruzo, lakini haiwezi kurudisha metali iliyotoka juu wala rangi iliyofifia, na hupunguza uwazi wa sehemu iliyokuwa nzuri. Sijaitumia kwa diski hata moja.

27 Aprili

Nimeanza DVD. Nyingi ni za harusi na maulidi alizorekodi Baba mwishoni, kwa mashine ya mezani iliyoandika moja kwa moja kutoka kwenye kamera.

Saba za kwanza zimeonekana tupu katika viendeshi vyote vitatu, ingawa ukizielekeza kwenye mwanga unaona wazi duara la sehemu iliyochomwa, lenye weusi tofauti na ukingo usioguswa. Nimekaa na tatizo hili siku mbili kabla ya kulielewa. Diski hizi hazikufungwa. Mashine ile ilipomaliza kurekodi ilitaka mtumiaji achague amri ya kuifunga diski ili orodha ya yaliyomo iandikwe, na kabla ya hapo ilisomwa na mashine ileile tu. Baba hakujua, au umeme ulikatika kabla ya kazi kuisha. Kwa programu inayoweza kusoma sekta bila kuitegemea orodha, na kwa kiendeshi kimoja kati ya vitatu, nimezipata picha za diski tano. Mbili zilizobaki kiendeshi hakikubali kuziona kabisa.

Jirani yetu, mama mtu mzima, alipopata habari alikuja na DVD ya harusi ya bintiye akiwa ameifunga kwenye leso. Nilimwamkia, akaniambia, "Marahaba mwanangu, hii nimeificha kabatini miaka kumi na minne, sijaicheza ili isiharibike." Ilikuwa ya namna hiyohiyo, haijafungwa, na hakuwahi kuijaribu hata siku moja katika mashine nyingine. Imepatikana yote. Lakini nafikiria ni makabati mangapi ya pwani hii yenye diski zilizotunzwa kwa heshima ya namna hiyo bila mtu kujua kwamba hazisomeki.

17 Mei

CD za sauti zimenichukua muda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu CD ya sauti hudanganya kwa upole. Diski ya mafaili ina ngazi moja zaidi ya masahihisho, na ikishindwa husema wazi kwamba imeshindwa. CD ya sauti haina ngazi hiyo. Kichezeo kinapokosa sampuli kadhaa, yaani vile vipimo vidogo vinavyofuatana kuijenga sauti, hukisia kilichokuwa katikati ya sampuli mbili zinazojulikana na kuendelea, na msikilizaji hasikii kitu mpaka makosa yazidi, ndipo unapokuja mkwaruzo wa sauti au ukimya. Mtu anaweza kuisikiliza diski yake mwaka hadi mwaka na kudhani ni nzima, kumbe imekwisha kula akiba yake yote ya masahihisho.

Kwa hiyo kila CD ya sauti ninaisoma mara mbili, kwa viendeshi viwili, kisha ninalinganisha mafaili. Mara ya kwanza nilishtuka kuona hakuna hata mawili yanayolingana. Tatizo lilikuwa kwamba kila aina ya kiendeshi huanza kusoma sampuli chache mapema au baadaye kuliko nyingine. Nilipoirekebisha tofauti hiyo, mafaili mengi yakalingana hadi sampuli ya mwisho. Yasiyolingana yameonyesha dakika na sekunde ya kila shaka, nazo nimeziandika kwenye daftari ili msikilizaji wa kesho ajue palipokisiwa.

Mchoro mmoja unajirudia katika daftari. Data ya CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole, ndio unaoingiza unyevu, na ndiko laka inakoanza kuachia. Duka lile lilizijaza diski za Baba mpaka dakika ya 79 na ushee ili kubana idadi. Kwa sababu hiyo, katika diski nyingi zilizoharibika, kilichopotea ni kile cha mwisho: beti za mwisho za utenzi, dua ya kufungia, jina la mghani na la kijiji chake, ambalo Baba alikuwa na desturi ya kulitaja mwishoni. Laiti zingeachwa dakika kumi wazi ukingoni.

Zile diski tatu zenye ufa nimezirudia leo kwa njia nyingine. Kichezeo cha zamani cha CD cha sebuleni huzungusha diski kati ya mara 200 na 500 tu kwa dakika, mwendo usioweza kuipasua. Mbili, ambazo ufa wake haujafika kwenye eneo la data, zimecheza hadi mwisho huku nikinasa sauti kutoka kwenye tundu la nyuma la kichezeo. Moja wapo ina sauti ya bibi yangu akiimba kuwabembeleza wajukuu. Mama ameisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakuketi.

8 Juni

Hesabu ya sasa: CD zilizosomeka zote ni 118, zilizosomeka sehemu ni 24, na zilizokataa ni 9, DVD zilizosomeka zote ni 41, sehemu ni 15, zilizokataa ni 7. Zile kumi na moja za Taiyo Yuden zote zimo katika kundi la kwanza.

Swali lililobaki ni wapi tuzihifadhi nakala, na je, tuchome diski tena? Ripoti iliyotolewa na UNESCO mwaka 2006 chini ya mpango wake wa Kumbukumbu ya Dunia ilionya kuhusu hatari ya kuzitegemea CD na DVD za kuandikia kama hifadhi ya kudumu bila utaratibu wa kuzipima. Kwa upande mwingine, Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada inaikadiria CD ya fithalosayanini yenye tabaka la dhahabu kuwa na uhai wa zaidi ya miaka 100. Kauli hizo hazipingani. Ya pili inahusu diski bora iliyochomwa vizuri na kutunzwa vizuri, ambayo sikuipata katika duka lolote hapa mjini. Ya kwanza inahusu diski tunazozipata.

Nimeamua kuwa diski ngumu mbili ndizo ziwe hifadhi kuu, moja hapa na nyingine kwa mjomba mjini Dar es Salaam, na DVD ziwe nakala ya tatu ya sauti, kwa sababu diski iliyokwisha kufungwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya wala kushambuliwa na virusi. Sauti zote zinabaki katika ubora zilizotoka nao, bila kukandamizwa ili zipungue ukubwa.

Nilinunua DVD tupu za aina tatu na kuzipima kabla ya kuziamini. Kimoja kati ya viendeshi vyangu kina uwezo wa kuhesabu makosa ambayo masahihisho yamelazimika kuyarekebisha, na kiwango cha DVD kinataka makosa ya ngazi ya ndani yasizidi 280 katika kila vipande 8 vinavyofuatana, kama ambavyo kwa CD wastani haupaswi kuzidi makosa 220 kwa sekunde. Diski ya bei ya chini kabisa ilikivuka kiwango siku ileile ya kuchomwa, ingawa kompyuta iliisoma bila kulalamika. Hilo ndilo linalowapoteza watu: diski huonekana nzima leo, lakini haina akiba ya kuzeeka nayo. Aina nyingine mbili zilikuwa mbali chini ya kikomo. Kuhusu kasi, diski za 16x zilitoa makosa machache zaidi nilipozichoma kwa 8x, na kushuka hadi 4x hakukuongeza chochote, maana rangi ya diski za siku hizi imetayarishwa kwa leza yenye mwendo.

Kila diski sasa haijazwi zaidi ya gigabaiti 3.7, na nafasi inayobaki inachukuliwa na data ya ziada ya masahihisho inayoandaliwa na programu ya dvdisaster. Baada ya kuchoma ninaifunga diski, ninaitoa, ninaisoma kwa kiendeshi tofauti na kile kilichoichoma, na kulinganisha nambari za uhakiki za kila faili. Stika hazitumiki. Nambari ya diski huandikwa kwa maka peni yenye wino wa maji kwenye duara angavu la katikati, mahali pasipokuwa na data, na maelezo mengine yote yako kwenye karatasi ndani ya kava.

6 Julai

Leo nimepeleka nakala Pangani, kwa familia ya bibi aliyeghani katika diski namba 88. Bibi mwenyewe amekwisha kufariki. Diski yake ilisomeka hadi dakika ya 74 na hapo ikakatika katikati ya ubeti, na viendeshi vyote vitatu havikupata zaidi. Nilipowachezea na sauti ikakatika, mjukuu wake wa kike, ambaye alilelewa naye, akaendelea kughani kutoka pale palipoachwa, kwa mahadhi yaleyale, ubeti baada ya ubeti hadi dua ya kufungia.

Nilimwomba arudie, nikamrekodi. Sauti yake nimeiweka katika faili lake lenyewe lenye jina lake na tarehe ya leo, sikuiunganisha na ya bibi, ili anayesikiliza ajue ipi ni ipi. Diski namba 88 yenyewe imerudi ndani ya sanduku pamoja na zile kumi na sita zilizokataa, zimesimama wima katika giza na vijifuko vipya vya silika, kwa kuwa huenda siku moja kikapatikana kiendeshi kitakachozisoma. DVD mpya zote zitapimwa makosa tena Januari 2026, na namba za leo zimeandikwa kwenye karatasi ndani ya kila kava ili ziwepo za kulinganishia.